Miezi mitano tangu tumlete nyumbani, anamkumbatia kila mtu isipokuwa mimi

mama_wa_wawili
Habari zenu wapendwa. Hii posti nimeiandika nikaifuta mara tatu kwa hiyo naombeni msinihukumu. Mimi na mzee wangu tuliasili binti kutoka nje ya nchi, ana miaka minne, alizaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa. Mdomo walishamshona huko huko akiwa kituo cha kulelea watoto, kaakaa tumemfanyia operesheni sisi, wiki ya saba tangu afike. Mambo ya hospitali tulijiandaa nayo, tulisoma, tuliuliza, akiba tuliweka, kumbe hospitali ndo ilikuwa sehemu rahisi.

Juzi kaja fundi kurekebisha bomba la jikoni, hazijapita dakika tano binti yuko mapajani kwake anamchezea ndevu. Mimi nikimnyanyua anakakamaa kama ubao. Akianguka halii wala hanikimbilii, anajifuta magoti anaendelea na safari yake. Usiku anajibembeleza mwenyewe, kichwa huku na huku mpaka usingizi umchukue, nikijaribu kumshika anageukia ukutani. Kubadilisha foronya nakuta vipande vya mkate vimeota ukungu.

Kijana wetu ana miaka tisa, yeye ndo alikuwa anamsubiri kwa hamu kuliko sote, wiki iliyopita kaniuliza "mama, hivi hawezi kurudishwa?" Nikamkaripia halafu nikajifungia bafuni, maana kiukweli hilo swali mimi nilishajiuliza kabla yake. Watu wakija wanasema mmefanya jambo jema Mungu atawalipa, mimi natabasamu tu. Na mwezi ujao ripoti ya miezi sita inatakiwa iende nchi alikotoka, sasa niandike nini jamani, kwamba namlea ila bado simpendi?

Bi_Mkubwa77
Pole mdogo wangu. Wangu tulimleta akiwa na miaka mitatu, sa hivi ana kumi na nne na ananijibu mlangoni kama mwenye nyumba, kwa hiyo najua unakozungumzia.

Angalia hivi. Kituoni mlezi mmoja ana watoto wengi na zamu zinabadilika, anayemwogesha asubuhi sio anayemlaza usiku. Mtoto anayechekea wageni ndo anayebebwa. Yaani kuchangamkia watu ndo ilikuwa kazi yake, na ameifanya vizuri mpaka leo yu hai na anatembea. Kulia alishajaribu akiwa mchanga, hakuna aliyekuja, akaacha. Sasa wewe umekuja na mikono miwili unataka akuamini kwa miezi mitano!

Sisi tulifunga milango kwa muda. Kulisha, kuogesha, kubeba na kulaza ni mama na baba tu, wengine wote wanampungia mkono na akiwafuata wanamrudisha kwenu kwa upole "muulize mama". Mama mkwe alininunia miezi miwili, nikamwacha anune. Mkate usimnyang'anye wala usimgombeze, mwekee kikopo chake kando ya kitanda, kikipungua kijaze mbele ya macho yake kila siku bila kukosa. Wangu alikuwa anaamka usiku anakipapasa kama kipo. Sikumbuki aliacha lini, nakumbuka tu siku moja nakifungua nakuta amejaza vigari.

mkweli_daima
Samahani ila haya mnajitakia, watoto wazima wamejaa mnaenda kuchukua wenye matatizo tena mbali.

Bi_Mkubwa77
@mkweli_daima dada hakuuliza kama achukue au asichukue. Pita mwanangu.

nesi_wa_zamu
Mimi naongelea masikio. Watoto wenye mpasuko wa kaakaa mara nyingi wanakusanya maji nyuma ya ngoma ya sikio, kwa sababu misuli inayofungua ule mrija wa kutoka sikioni kwenda nyuma ya pua haivuti sawasawa, na operesheni ya kaakaa haimalizi hilo tatizo papo hapo. Anasikia ila kama mtu aliyezama. Halafu lugha ya kwao watoto wa umri huo wanaisahau haraka sana, yenu bado hajaishika, kwa hiyo yuko katikati hana hata moja. Ukimwita kutoka nyuma anageuka? Ukiwa jikoni na maji yanamwagika je? Omba apimwe usikivu kabla hujasema ni mkaidi, na mtaalamu wa matamshi aanze naye mapema. Pia kama hamjarudia vipimo vya damu tangu afike rudieni, msitegemee makaratasi aliyokuja nayo peke yake.

babake_na_watatu
Ripoti andika ukweli dada. Mimi ya kwanza niliandika "anaendelea vizuri" kurasa nne, ya pili nikachoka kudanganya nikaandika kwamba mke wangu halali na hali na mimi naogopa. Nilidhani watakuja kumchukua mtoto, badala yake afisa ustawi alitupigia simu akatutafutia mshauri nasaha. Mke wangu alikuwa na sonona, na hakuwa amezaa! Inawapata hata wanaoasili, ila nani akuambie wakati kila mtu anakupongeza.

Watoto waliolelewa vituoni Romania wamefuatiliwa miaka mingi na hiyo tabia ya kumfuata mgeni yeyote ilionekana sana kwao, kwa baadhi iliendelea hata baada ya kupata familia na kuwazoea wazazi. Sikutishi, nakwambia tu kwamba fundi kukumbatiwa sio kura ya kukukataa wewe.

kaka_mtu
Mimi nilikuwa huyo kijana wa miaka tisa. Mdogo wangu aliletwa na miguu iliyopinda, nyumba nzima ikawa plasta, viatu vyenye chuma katikati na miadi ya kliniki. Nilisema maneno mabaya kuliko ya mwanao. Sikutaka arudishwe, nilitaka mama arudi. Baba akaanza kunichukua Jumamosi asubuhi tunaenda kuosha gari, hatuongei hata sana, ila ilikuwa yangu peke yangu. Na usimwambie "wewe mkubwa unaelewa". Nilikuwa sielewi.

mama_wa_wawili
Nimerudi baada ya wiki tatu, asanteni sana wote. Nesi ubarikiwe, masikio yote mawili yana maji, anawekewa vijibomba mwezi huu, na mimi nilikuwa napaza sauti nikidhani ananipuuza, hilo linaniuma. Ripoti nimeandika kama ilivyo, mshauri nimeanza kumwona. Kijana na baba yake wana Jumapili yao sasa, mimi nimepigwa marufuku kuuliza wanaenda wapi. Kikopo kinajazwa asubuhi na jioni, mkate chini ya mto bado nakuta.

Jana kaanguka uani. Hakulia. Ila kabla ya kujifuta magoti aligeuka kuangalia kama nimemwona.