Ulijua lini kwamba imeshakushika? Tupeane uzoefu (pombe, jaba yaani miraa, unga yaani heroini)

BintiFundi, Kayole

Hamjambo ndugu zangu. Leo kaka yangu mkubwa ametimiza siku 40 bila kugusa pombe, na tangu asubuhi najiuliza sisi wa nyumbani tulikuwa tunatazama wapi miaka yote ile.

Kaka ni fundi wa mawe. Nyumbani tulipima ulevi kwa kuyumba, naye hakuyumba hata siku moja. Alikuwa anamaliza mzinga, chupa kubwa ya pombe kali, anaingia wima, anamwamkia mama, anakula ugali wake na kulala. Majirani wakamsifu kwamba huyu anajua kunywa. Kumbe kule kutoyumba ndiko kulikofaa kututia hofu. Mwili ulikuwa umezoea kiasi ambacho kingemlaza mtu mwingine sakafuni, na kila baada ya muda kiasi hicho nacho kikawa hakitoshi.

Mimi niliona mikono. Asubuhi kikombe cha chai kilikuwa kinagongagonga meza kabla hakijafika mdomoni. Akaanza kupitia kwota, chupa ndogo ya pombe kali, saa kumi na mbili alfajiri, akiiita ya kutoa loki, yaani uchovu wa ulevi wa jana. Baadaye, hata kama jana yake hakunywa sana, bila ile kwota hakuweza kushika timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu wa ukuta, ikatulia. Raha ilikuwa imekwisha zamani. Alichokuwa akinunua dukani ni mkono wake mwenyewe.

Kisha tukafanya kosa ambalo bado linanikosesha usingizi. Wakati wa Pasaka mama alimfungia chumbani ili aache. Siku ya kwanza alitetemeka na kutapika. Siku ya tatu akawa anapangusa siafu ukutani, na siafu hawakuwapo, huku akizungumza na marehemu baba, jasho linamtiririka. Tukamwita mchungaji. Mungu ambariki mama mmoja wa ploti yetu, muuguzi mstaafu, aliyechungulia dirishani akasema, "Huyu mkimwacha humu atawafia. Tafuteni gari."

Daktari alitueleza kwamba pombe huuzimisha ubongo kidogo kila siku, na ubongo nao hujiongezea kasi ili uendelee kufanya kazi. Ukiiondoa pombe ghafla, ile kasi inabaki peke yake, na hapo hutokea degedege na maruweruwe. Walimlaza siku nane, wakampa dawa ya kumtuliza wakiipunguza polepole, na vitamini B1 kwa dripu. Naandika kwa urefu kwa sababu naamini kuna nyumba hapa Nairobi ambamo mtu amefungiwa sasa hivi, na waliomfungia wanampenda.

Wewe ulijua lini? Na ilianzaje?

Dere_wa_Usiku

Dada, pole na hongera. Mimi mlango wangu ulikuwa jaba.

Naendesha matatu. Kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, na tajiri anataka hesabu yake, mvua inyeshe isinyeshe. Makanga wangu akanionjesha muguka, majani ya jamii ya jaba. Siku ya kwanza niliona barabara imenyooka, nina maneno, sina njaa. Wiki chache baadaye bila mfuko wa karatasi kwenye dashibodi sikuwasha gari.

Shida ni usiku. Handasi, ule mchangamko wa jaba, haiishi kwa sababu wewe umeegesha gari. Unalala macho kodo, moyo unapiga kama ngoma. Wazee wa steji wakanifundisha kuua handasi kwa bia mbili. Zikawa nne, kisha kegi, kisha kali. Asubuhi naamka mzito kama gunia la saruji, kwa hiyo natafuna mapema zaidi. Kimoja kinaniwasha, kingine kinanizima, na mimi mwenyewe sikujua tena hali yangu ya kawaida inafananaje. Watu wanazungumzia jaba na pombe kama vitu viwili tofauti. Kwangu mimi vilikuwa ni ugonjwa mmoja wenye zamu mbili.

Nilijua siku niliyomkaba makanga koo nikidai ameniibia 200. Zilikuwa mfukoni mwangu. Yule kijana nilimlea mimi.

Nimeacha majani wiki mbili sasa. Silali kabisa.

Mzaliwa_Mathare

Mama yangu alipika chang'aa kando ya mto na akatusomesha kwayo, kwa hiyo sitamlaumu hapa. Ila nilikuwa na miaka kumi nilipoanza kuonjeshwa ili niseme kama imekolea. Nilikuwa fundi wa kuonja. Nilipofika kidato cha pili nilikuwa nakunywa kabla ya hesabu ili kichwa kitulie, na nikadhani kila mtu kichwa chake huhitaji kutulizwa. Ubongo wa mtoto bado unajengwa. Ukiwekewa pombe kwenye msingi, ukuta wote unapanda nayo.

Mwaka 2000 pombe haramu iliyoitwa kumi kumi iliua watu zaidi ya 100 huku mitaani na wengine wakapofuka. Ilikuwa na methanoli, alkoholi yenye sumu, ambayo mnywaji hawezi kuitambua kwa ulimi. Kuna mjomba aliyeniongoza shuleni nikiwa mdogo. Tangu mwaka ule mimi ndiye ninayemwongoza yeye. Na ukitaka kujua uraibu ni nini: niliyaona yote hayo, na jioni nilikunywa.

Shangazi_Umoja

Mzaliwa, umeniliza.

SikuMojaTu

Mimi ni unga. Nilidhani navuta bangi tu, kumbe sigara tuliyokuwa tukipokezana ilikuwa kokteli, bangi iliyonyunyiziwa unga. Miezi mitatu hivi. Siku moja jamaa hakuja, nikaanza kupiga miayo, pua inatiririka, mifupa inauma kama nimepigwa rungu, tumbo linakatika. Nikaenda kununua dawa ya malaria. Jamaa aliponiona akacheka, akasema, "Hiyo si malaria, ni arosto." Arosto ni mwili kuudai unga ulioukosa. Nilijua hapo.

Nimeuza jiko la mama likiwa bado na joto. Siendelei na hilo.

Sasa niko kwenye methadoni, dawa ya hospitali inayochukua nafasi ya unga. Kliniki yake katika hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwishoni mwa 2014, mimi nimeingia baadaye sana. Kila asubuhi nakunywa kipimo changu mbele ya muuguzi, kisha naenda kuosha magari. Watu husema nimebadilisha sumu kwa sumu. Mimi najua tu kwamba sijaiba tangu nianze, na mwanangu ananiletea daftari nimsahihishie.

Jambo moja nawaomba mlishike. Rafiki yangu alikaa jela miezi minne, akatoka safi. Siku hiyohiyo akachukua kipimo chake cha zamani. Mwili ulikuwa umeshasahau kukibeba, na tulimkuta chooni. Anayetoka jela au rihabu ndiye wa kuangaliwa zaidi, wakati kila mtu anadhani amepona.

Shangazi_Umoja

Kwa wanaouliza pa kuanzia: namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure. Nilipigia kwa ajili ya mume wangu, nikasikilizwa bila kugombezwa.

BintiFundi, Kayole

Nimemsomea kaka yote haya akiwa jikoni anamenya viazi. Ametulia muda mrefu. Kisha akasema: "Mwambie yule dere usingizi wangu ulirudi wiki ya tano. Ulikuja mchana, nikiwa nimekaa kwenye benchi la kanisa. Asinunue kitu cha kuuharakisha."

Dere_wa_Usiku

Mwambie nimesikia. Anarudi mjengo lini? Napita Kayole kila alfajiri, kiti cha mbele nitamwekea.

BintiFundi, Kayole

Jumatatu. Timazi ameshaitoa kwenye gunia, ameitundika mlangoni.