Fundi amekata mabomba yanayobeba turubai kwenye Land Rover 110 yangu ili turubai lake la 109 litoshe, na pesa hataki kurudisha

Wakuu, nawasalimu kutoka Tanga. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina Land Rover 110 ya mwaka 1986, ya turubai tangu kiwandani, si ya bati iliyokuja kukatwa baadaye. Ndiyo inayolisha nyumba yangu. Kila wiki napanda nayo Amani, nanunua iliki, pilipili manga na mdalasini kwa wakulima wa juu kule, nashuka Muheza, naingia Tanga mjini. Turubai la zamani lilikuwa la pamba, la kijani. Nililikuta kwenye gari nilipolinunua, na miaka yote sikuwahi kulowesha gunia hata moja, mpaka mwaka jana mishono ilipoanza kuachia. Nikasema masika yasinikute hivi. Mwezi wa pili nikaenda kwa fundi mmoja Ngamiani. Jina simtaji.

Hakuniuliza kitu. Hakuuliza gari linalala wapi, linabeba nini, linapita njia gani. Alivuta kipande cha turubai la PVC, lile la kufunikia malori, akanitia mkononi: "Shika mwenyewe, sikia uzito huo." Bei 650,000, nitangulize 400,000. Nikamwambia gari ni 110 na lipo hapo nje, twende ukapime. Akasema ana paterni ya Land Rover dukani, ameshazishona nyingi. Nikamuuliza, paterni hiyo si ya 109, Land Rover ya zamani iliyotangulia 110? Akanijibu: "Kaka, 109 na 110 zinapishana inchi moja. Inchi moja utaiona wapi?"

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana kwa maneno haya haya wataliwa wengine. Ile inchi moja ni ya umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Turubai halishiki kwenye ekseli. Linaanzia juu ya kioo cha mbele, linapita juu ya mabomba, linashuka ubavuni. Kioo cha 109 ni vipande viwili vyenye nguzo katikati, na ni kifupi. 110 ilipotoka mwaka 1983 ilikuja na kioo kimoja kizima, kirefu zaidi kwenda juu, na paa lote likapanda pamoja nacho. Kitambaa kilichokatwa kwa paterni ya 109 lazima kipungue chini, ubavuni na nyuma. Hili si jambo la kubishana, unachukua futi unapima.

Niliacha gari siku mbili. Narudi, nakuta turubai limevaa na limekaza. Nikamalizia pesa yake, nikaondoka. Jioni naingia nyuma kupanga chaga za magunia, naona mng'aro wa chuma kipya kwenye miguu ya mabomba. Amekata kwa msumeno. Alipoona turubai lake halifiki chini, hakushona upya, hakunipigia simu. Alishusha mabomba ya gari langu, mabomba ya kiwandani yaliyokaa karibu miaka 40, kisha akayachomelea kwa haraka na kupaka rangi nyeusi nusu nusu. Turubai bovu unavua unatupa. Bomba la asili likishakatwa utalipata wapi?

Na balaa lote lililofuata limetokana na ule msumeno. Kioo cha mbele kiko juu pale pale, mabomba ya nyuma yake yameshuka, basi nyuma tu ya kichwa cha dereva pakawa na bonde. Mvua ya kwanza ya masika ilinikuta nashuka Amani na magunia matatu ya iliki. Maji yakajaa kwenye lile bonde kama beseni. Nikifunga breki kwenye kona yanamwagika mbele juu ya kioo, nikikanyaga mafuta yanarudi nyuma. Pale chini ya bonde ndipo fundi alipopitisha mshono, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Kila tundu la sindano likawa bomba la maji.

Turubai la pamba lina kitu PVC haina: likilowa, nyuzi zinavimba na kuziba matundu ya sindano zenyewe. Ndiyo maana lile la zamani, kuukuu vile, halikuvuja. PVC haivimbi. Tundu ulilotoboa leo litabaki tundu mpaka turubai life. Mafundi wanaoijua hii kazi huunganisha PVC kwa hewa ya moto, au wakishona wanakunja mshono mara mbili, wanauweka mahali maji yanapoteremka, na mkunjo unatazama nyuma ili upepo usisukume maji ndani. Wa kwangu mkunjo unatazama mbele.

Iliki niliyoitoa Amani imekauka vizuri, inalia ukiitikisa, nimeishusha Tanga imelowa. Nimeianika upya siku nne. Gunia moja likashika ukungu, mnunuzi akalikataa, na pesa ya mkulima nilikuwa nimeshalipa.

Hata siku isiyo na mvua balaa lipo. Turubai la PVC halipumui. Mchana nikiwa Muheza ndani panachemka, jioni napanda juu kwenye baridi, ule unyevu wote unageuka matone chini ya paa na kudondoka juu ya magunia. Mzigo wa viungo unatoa unyevu wake kidogo kidogo, lazima upate pa kutokea. Angeniuliza tu unabeba nini, angenipa pamba au kile kitambaa cha akriliki wanachofunikia boti, kinachopumua na rangi yake haipauki juani. PVC inamfaa mwenye kubeba saruji au mchanga na asiyekunja turubai kila siku. Ni nzuri kwa kazi yake. Kwangu haikufaa, na yeye hakutaka kujua.

Sasa jambo lililoniuma kuliko yote, hata kuliko iliki. Kwa vile turubai limepungua, pazia la nyuma halifiki kwenye mlango wa nyuma. Limebaki pengo la vidole vinne. Mwezi wa tano mama mmoja aliniomba lifti hadi Muheza, na mwanawe wa miaka kama mitatu. Mbele nilikuwa na mtu mwingine, wakakaa nyuma. Ilikuwa inanyesha, nimefunga ubavu wote. Tulipofika, mtoto anatapika na mama ameshika kichwa. Nikadhani ni kona za mlima. Wiki iliyofuata nikakaa nyuma mimi, mdogo wangu akaendesha. Dakika 20 tu kichwa kikaanza kugonga, na harufu ya moshi imejaa.

Gari la umbo hili likitembea, hewa ya nyuma yake inakuwa pungufu, inavuta kila kilichopo: vumbi, moshi. Ukifunga ubavu na kuacha nyuma wazi, vyote vinaingia ndani na havina pa kutokea. Injini yangu ni ya petroli, na moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, ambayo peke yake huioni wala huinusi, na inaua watu wakiwa usingizini. Nilimpakia mtoto wa mtu humo. Wakuu, mwenye gari la turubai, awe na Land Rover, Suzuki au Jeep, asitembee na nyuma wazi huku ubavu umefungwa. Fungua vyote au funga vyote. Tangu siku hiyo sipakii mtu nyuma.

Madirisha nayapitia haraka maana nikiyafikiria napandwa. Nilimwambia niwekee madirisha matatu ya plastiki ya kuonea. Aliweka ile nailoni ya kufunikia meza za chakula. Hadi mwezi wa saba ilikuwa imegeuka njano na kukakamaa, na pale inapogusa bomba lililopakwa rangi nyeusi imeungua mstari mzima, maana bomba jeusi juani linachemka. Kwenye mikunjo imepasuka. Nikirudi nyuma nachungulia kupitia dirisha la dereva kama mwizi. Plastiki ya kazi hii ni nene, karibu milimita moja, na imetengenezwa kuhimili jua. Zipu nazo ni za chuma, wakati gari linalala Tanga, mjini kwenye chumvi, mita chache kutoka baharini. Moja ilishakwama kwa kutu. Macho ya turubai, yale ya kupitishia kamba, ni ya bati lililopakwa rangi ya shaba. Yameliwa na kutu, na kutu inakula kitambaa kinachoyazunguka.

Uzi je? Mwezi wa nane nilivuta mshono wa ubavuni kwa kidole, ukakatika kama utambi wa mshumaa. Kitambaa kizima, uzi umekufa. Nikampelekea kipande mzee mmoja anayeshona matanga ya ngalawa, akakitazama tu: "Hii naili, ya kushonea mabegi. Jua limeshaila." Naili ikikaa juani inapoteza nguvu upesi, na ikilowa inalegea. Kinachotakiwa ni uzi mnene wa poliesta uliotengenezwa kukaa nje, na kama kitambaa ni pamba, basi uzi wa poliesta uliofunikwa pamba ili nao uvimbe na kitambaa. Tofauti ya bei ya uzi kwenye turubai zima haifiki hata bei ya tairi kuukuu. Na bila uzi, ule uzito alionishikisha mkononi siku ya kwanza una faida gani?

Nimemrudia mara tatu. Mara ya kwanza akasema turubai jipya lazima livuje kidogo, litajifunga. La pamba ndiyo, hilo halijifungi milele. Mara ya pili akasema nimelitumia vibaya. Mara ya tatu, juzi, nimeenda na vipande vya uzi, picha za mabomba, na hesabu: pesa yake ya ushonaji, mabomba, na gunia la iliki. Akaniambia mbele ya vijana wake: "Uliona, ukalipa, ukachukua gari. Ungekuwa huridhiki ungesema siku ile." Kosa nilione wapi wakati amelifunika kwa turubai? Risiti hakunipa. Ninayo miamala ya simu niliyomtumia, na Jumatatu naenda nayo ofisi ya serikali ya mtaa.

Land Rover zimevaa turubai tangu 1948. Hii si kazi mpya duniani wala hapa Tanga. Wazee wamezishona kwenye mashamba ya mkonge, zikapita tope na miiba, zikadumu. Mtu anayepokea 650,000 yangu alipaswa kujua, na kama hajui, aseme hajui, nitafute mwingine. Sijakasirika kwa sababu alikosea. Alikosea, halafu akalikata gari langu ili kosa lisionekane.

NYONGEZA, saa tatu usiku

Nimesoma majibu, asanteni. Wanaosema "weka bati uachane na turubai", nimelifikiria. Napakia kwa ubavuni, wakulima wanabeba gunia kichwani na kulisukuma ndani kutoka ukingoni mwa barabara, na nyuma mara nyingi hapafikiki kwa mteremko. Bati pia linaongeza uzito juu kabisa ya gari, na njia ya Amani masika gari linalala upande. Turubai ndilo linanifaa, ila liwe turubai.

Mdau wa Suzuki uliyeuliza uanzie wapi: mpeleke fundi kwenye gari, usimpelekee maneno. Apime mabomba yakiwa yamesimama mahali pake na kioo kimefungwa. Mwambie akuonyeshe uzi kabla ya kitambaa, ujaribu kuukata kwa mkono. Likiwa la PVC avalishe mchana juani likiwa limelainika, akilivalisha kwenye ubaridi atalivuta mpaka mshono upasuke. La pamba lilowe na kukauka mara moja kabla hajamalizia vipimo vya chini, maana litanywea. Na usilikunje likiwa bichi, litaota ukungu. Pesa ya mwisho usimpe mpaka umemwaga ndoo tano za maji juu yake ukiwa umekaa ndani.

Aliyesema nimsamehe kwa kuwa sote tunatafuta riziki: yule mkulima wa Amani naye anatafuta riziki, na yule mama na mwanawe hawakuwa na senti kwenye biashara hii.

Vuli inaanza, na mimi nimefunga mzigo kwa turubai la kukodi juu ya turubai. Mwenye mabomba ya 110 ya kiwandani, seti nzima au hata pungufu, Tanga, Muheza, Korogwe mpaka Lushoto, aniandikie hapa chini. Nayataka ya 110. Nitakuja na gari na futi, tuyapime pamoja.