Mrejesho: patisheni ya Linux imepona, hesabu za dagaa zipo zote

Wakuu, ile kompyuta ya ofisini kwetu hapa Mwaloni Kirumba, iliyogoma kuwaka huku e2fsck (programu ya Linux ya kukagua mfumo wa faili) ikidai mfumo wa faili ni mkubwa kuliko patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa), imepona. Fundi wa awali alipunguza patisheni bila kupunguza kwanza mfumo wa faili wa ext4 uliomo ndani.

Mkuu uliyesisitiza nijibu "y" (ndiyo) e2fsck inapouliza kama isitishe ukaguzi, Mungu akubariki sana. Niliwasha kwa flashi ya Ubuntu, nikaona kwenye fdisk -l (amri ya kuorodhesha patisheni) kuwa kuna nafasi tupu baada ya mwisho wa patisheni. Nikarudisha mwisho wake kwa resizepart ya parted (programu ya kupanga patisheni), mwanzo sikuugusa kabisa. Kisha e2fsck -f: safi! Daftari lote la wateja wa dagaa lipo, na nimeshalinakili kwenye diski ya nje.