Familia Katuba: chumba cha Trésor

*Jumamosi*

[06:12] Tantine Béa: Mwamuka namna gani familia. Leo ni leo. Trésor anaondoka Agosti kwenda kusoma Chicago, wenye nyumba wa kule wanataka jibu Jumatatu. Vyumba ni viwili, vyote mitaa ya Chicago:
A) Austin, dola 620 kwa mwezi
B) Rogers Park, dola 790 kwa mwezi
Wote wanataka mwezi wa kwanza na garanti ya mwezi mmoja. A = 1,240. B = 1,580. Katika sanduku tuko na 1,240 kamili. Kila mtu aandike A ao B. MBELE YA SAA SITA.

[07:03] Tantine Béa: Watu 17 mmesoma. Jibu hata moja. Vidole vinawauma?

[07:41] Chantal: ⏩⏩ Imetumwa mara nyingi
_HATARI!!! Chicago watu 762 wameuawa mwaka huu!!! Ni zaidi ya vita! Usitume mtoto wako kule. Peleka kwa watu 10._

[07:42] Chantal: Tantine, A wala B hapana. Mtoto abaki UNILU, chuo chetu cha hapa Lubumbashi.

[07:44] Papa Jo: Ama alale Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, kwa mama mkwe wangu. Dakika 10 kwa miguu na hakuna visa 😂😂

[07:45] Papa Jo: Tena ukichelewa kurudi anakuua mwenyewe kwa maneno

[07:46] Tantine Béa: Jo, asubuhi hii hapana.

[08:20] Kazadi: Chantal, hiyo 762 ni ya kweli, ila ni ya 2016. Mtu anaivalisha nguo mpya kila mwaka. 2021 ilipanda tena, karibu 800. Baadaye ikaanza kushuka: 2024 ni 573. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipita 900.

[08:22] Chantal: 573 bado ni watu Yaya Kazadi

[08:31] Kazadi: Ni watu, ndiyo. Lakini hesabu tupu haisemi kitu bila kuigawa kwa wakaaji. Chicago ina watu kama milioni 2.7. 573 gawa kwa 2,700,000, zidisha kwa 100,000: unapata 21 kwa kila watu 100,000, hicho ndicho kiwango. Kwa 2016 ni 28. Sasa chukua St. Louis, mji mdogo wa watu kama 300,000. Mwaka 2020 waliuawa kama 260, idadi ndogo kabisa mbele ya Chicago, lakini kiwango kilikuwa 87. New York ndiyo ya kushangaza: 1990 watu 2,245, na 2018 chini ya 300. Mji uleule.

[08:33] Papa Jo: Professa, shuka kwenye ubao, Tantine anataka A ao B

[08:34] Kazadi: B.

[08:34] Tantine Béa: Asante. Mmoja.

[09:50] Manseba Kalenga: Mimi A. Tofauti ni dola 170 kwa mwezi. Mara 12 ni 2,040. Hiyo ni malata ya kufunika nyumba nzima. Mtoto anaenda kusoma, haendi kutembea tembea. Na Kazadi mwenyewe amesema inashuka.

[10:07] Kazadi: Manseba, inashuka kwa mji mzima. Hakuna mtu anayelala katika mji mzima. Mji ule umekatwa vipande 77, kila kimoja na namba yake. Austin ni 25, Rogers Park ni 1. Kuna mitaa ya kaskazini inamaliza mwaka bila maiti hata moja, na ya magharibi na kusini ambako kiwango kinapita mara kadhaa kile cha mji.

[10:09] Kazadi: Na usiangalie Austin tu kwa sababu inatajwa sana. Inatajwa kwa kuwa ni kubwa, karibu watu 97,000. Jirani yake West Garfield Park, namba 26, ina kama 17,000 tu, maiti ni wachache kwa idadi, kiwango kiko juu zaidi.

[10:15] Chantal: Hizo namba unazitoa wapi? Nisije nikatumiwa ingine ya mara kumi

[10:48] Kazadi: Mji wenyewe unaziweka wazi kwenye intaneti, jedwali la uhalifu wote tangu 2001. Fanya hivi. Fungua jedwali, chuja aina ya kosa uandike HOMICIDE, kisha chuja namba ya eneo, 25 halafu 1. Chukua miaka 3 kwa jumla, gawa kwa 3, gawa kwa wakaaji, zidisha kwa 100,000. Usichukue mwaka mmoja: mahali pa watu 17,000, maiti mmoja tu akiongezeka kiwango kinaruka karibu 6. Watu wanaona mruko wanapiga kelele.

[10:52] Kazadi: Pa kuteleza ni hapa. Siku 7 za mwisho hazimo. Namba ya nyumba imefichwa tarakimu mbili za mwisho, unaona mstari wa mtaa, huoni mlango. Kila marehemu ana mstari wake, kwa hiyo tukio moja la watu 3 ni mistari 3. Na polisi wa mji hawahesabu waliouawa kwenye barabara kuu za magari, ile ni kazi ya polisi wa jimbo. Ndiyo maana ukiuliza daktari wa maiti wa kaunti anakupa namba kubwa kuliko polisi, na hakuna anayesema uongo. Kaunti ile ina miji mingine pia ndani yake: 2021 namba yake ilipita 1,000.

[10:53] Papa Jo: Daktari wa maiti 😳 mimi niko nakula vitumbua

[11:30] Tantine Béa: A = 1. B = 1. Saa sita inakuja. Wengine mko kanisani Jumamosi?

[11:37] Mama Nsenga: 🙏

[11:37] Tantine Béa: Mama Nsenga hiyo ni A ao B?

[12:02] Chantal: Mimi swali langu ni juu ya nini mauaji yalipanda 2016. Watu hawageuki wabaya kwa mwaka mmoja.

[12:19] Kazadi: Hapo ndipo wataalamu wenyewe wanagombana. Umaskini, shule mbovu, ubaguzi wa nyumba: vinaeleza kwa nini mitaa ile na si mingine. Haviwezi kueleza kwa nini 2016 ilipita 2015 kwa zaidi ya nusu, maana umaskini haukuruka Januari. Lazima utafute kitu kilichogeuka wakati uleule. Novemba 2015 ilitoka video ya polisi akimpiga risasi kijana Laquan McDonald, imani ikavunjika. Januari 2016 polisi wakaanza kujaza fomu ndefu kila wakisimamisha mtu, kusimamisha kukashuka zaidi ya 80%. Na pesa za jimbo la Illinois zilikwama tangu 2015, hata za wapatanishi wa mitaani.

[12:21] Manseba Kalenga: Unaona. Polisi wakilegea watu wanakufa. Ni hivyo tu.

[12:26] Kazadi: Manseba, ingekuwa hivyo tu, New York ingeungua. Kule polisi walisimamisha watu 685,000 mwaka 2011. Kufika 2015 ni kama 22,000. Mauaji yalishuka kutoka 515 hadi 352.

[12:29] Kazadi: 2020 ndiyo fundisho lingine. Mauaji yalipanda karibu 30% Marekani yote, miji mikubwa, midogo, hata vijijini, ya meya huyu na ya meya yule. Kitu kilichopanda kila mahali hakielezwi na meya wa mji mmoja. Korona ilifunga shule na vituo vya vijana, George Floyd aliuawa Mei, na bunduki zilinunuliwa mwaka ule kuliko wakati wowote.

[12:31] Papa Jo: Lakini 2016… si ndiyo mwaka wa simenti? Kumbe ilikuwa dunia nzima 😂😂😂

[12:31] Chantal: 😂😂

[12:32] Mama Nsenga: 😂

[12:33] Tantine Béa: JO.

[12:40] Manseba Kalenga: Mifuko 11 ilinyeshewa. Nilisema 2016, nilisema kwenye matanga, nasema leo. Kama kuna mwenye kuleta hesabu yake ailete mbele ya Papa.

[12:41] Papa Jo: Yaya mi nilicheka tu

[12:41] Manseba Kalenga: Kila mara mnacheka tu. Na aliyefungua bohari siku ile hamumutaji.

[12:44] Tantine Béa: _Ujumbe huu umefutwa_

[12:45] Manseba Kalenga: Nimesoma Béa.

[14:22] Mado Chicago: Natoka zamu ya usiku, ndiyo nafungua simu. Ujumbe 61?? Nani amekufa?

[14:23] Papa Jo: Simenti

[14:38] Mado Chicago: Haya. Kazadi amesema vizuri, mimi naongeza ya hapa chini. Risasi hazitembei ovyo. Uchunguzi mmoja wa hapa ulikuta 70% ya waliojeruhiwa kwa risasi wako ndani ya mitandao ya vijana waliokamatwa pamoja, na mitandao ile yote haifiki 6% ya wakaaji. Mwanafunzi hayumo humo. Hatari yake ni kusimama kando ya mtu aliyemo.

[14:41] Mado Chicago: Na magenge ya sasa si yale ya zamani. Wakubwa walifungwa, maghorofa ya serikali yakabomolewa, watu wakasambaa. Sasa ni vikundi vya mtaa mmoja, hakuna mkubwa wa kusema basi. Mtu anatukanwa kwenye simu saa tisa, jioni bastola. Na bastola nyingi zinazokamatwa ziliuzwa kwanza nje ya jimbo, Indiana inaongoza, iko mpakani tu. Kwa hiyo sheria kali ya mji inavuja.

[14:43] Mado Chicago: Kitu watu hawaangalii: kupigwa risasi na kufa ni vitu viwili. Upande wa kusini ulikaa miaka mingi bila hospitali ya majeraha makubwa ya watu wazima. Ilifunguliwa Mei 2018. Dakika za njiani zinaingia kwenye hesabu ya mauaji kama vile risasi yenyewe.

[14:50] Chantal: Basi Rogers Park ni salama?

[14:53] Mado Chicago: Sikusema. Karibu na stesheni ya Howard kuna pembe sipendi usiku. Na Austin kuna mitaa ya wazee wanaofagia mbele ya mlango, kimya kama mtaa wa Golf kwetu. Mimi nitaenda kutazama vyote viwili, mara mbili: mchana, na Ijumaa usiku. Mauaji ya hapa ni ya kiangazi, usiku, mwisho wa juma. Ukitazama Jumanne asubuhi kila mahali ni pazuri.

[14:54] Tantine Béa: Mado, Ijumaa ni mbali, jibu ni Jumatatu!!

[14:55] Mado Chicago: Ninyi mmeniambia leo

[15:10] Tantine Béa: Nilikuambia tangu tarehe 2. Kwa vokali, ujumbe wa sauti.

[15:11] Mado Chicago: Vokali ya dakika 9 Tantine

[16:47] Nkambo: Nimesomewa yote. Sikuuliza bei. Mtoto akitoka kazini usiku, kutoka gari mpaka mlango ni hatua ngapi? Anajibu anayekaa kule. Simenti ikae kimya mpaka nife.

[16:59] Tantine Béa: Ndiyo Papa.

[17:00] Manseba Kalenga: Ndiyo Papa.

[17:02] Papa Jo: Ndiyo Papa.

[17:34] Mado Chicago: Nkambo, shikamoo. Visa yake inamruhusu kazi ya chuoni tu, masaa 20 kwa juma wakati wa masomo. Wakimpa maktaba anaweza kutoka usiku sana. Chumba B ni mitaa miwili kutoka stesheni ya Morse, treni nyekundu, hiyo haisimami usiku wote. Dakika 4, hatua kama 450, kuna maduka yenye taa. Chumba A kinatumia treni ya kijani, hiyo inalala usiku. Akiikosa anachukua basi, halafu hatua zaidi ya 1,000 kando ya viwanja vitupu.

[17:36] Nkambo: Nimesikia.

[18:15] Tantine Béa: Basi ni B. Katika sanduku inapungua 340. Mado?

[18:16] Mado Chicago: 150. Lakini Jumatatu naenda kuona kwanza, hata kama ni mchana. Taa za ngazi, kufuli ya mlango wa chini, dirisha la chini lina nondo ao hapana. Kufuli ya chini ikiwa mbovu silipi.

[18:18] Kazadi: 80

[18:20] Papa Jo: 30. Na vitumbua.

[18:21] Chantal: Mimi mwisho wa mwezi Tantine

[18:25] Tantine Béa: 260. Bado 80. Mwisho ni Jumatatu saa 6 ya usiku ya kwetu, kule bado ni saa 11 ya jioni. Na Trésor mwenyewe yuko wapi? Tunaongea juu yake tangu asubuhi!

[21:09] Trésor: Samahani Tantine, moto wa SNEL, umeme, ulikatika, simu ilizima. Nasoma sasa.

[21:26] Trésor: Yule wa Morse ameniandikia jana kwamba kuna mtu mwingine anakitaka pia. Ilikuwa niwaambie.

[21:27] Tantine Béa: JANA??

[21:40] Manseba Kalenga: Naweka 60. Risiti inipitie mimi.

[21:41] Tantine Béa: Risiti ya nini Yaya? Pesa inatoka kwa Mado.

[21:52] Manseba Kalenga: Ya kila kitu.

[22:03] Tantine Béa: Bado 20. Mama Nsenga?

[22:04] Mama Nsenga: 🙏