Dar hadi Mwanza kwa ndege: nitawahi kikao cha mahari Magu saa 5?

Kijana wa Mbagala:
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi natakiwa ukweni Magu, kikao cha mahari saa 5 asubuhi. Bosi kanipa siku hiyo moja tu, Jumapili niko zamu. Kuna ndege ya saa 12 asubuhi, tiketi inasema inafika Mwanza saa 1 na nusu. Nimesoma kutoka uwanja wa Nyerere hadi uwanja wa Mwanza ni kama kilomita 850. Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wetu, anacheka: basi linakula zaidi ya 1,100, hizo nyingine zimeenda wapi? Basi nalijua, unaondoka alfajiri unashuka usiku miguu imevimba. Ndege sijawahi kupanda. Hiyo saa moja na nusu ni ya kweli?

Mama Kulwa:
Mwambie baba mdogo basi linazunguka Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga. Ndege haina haja ya kupita Dodoma, inakata mshazari. Wote mko sahihi.

Mpanda Ndege wa Ilemela:
Mdogo wangu, njia hiyo naipita karibu kila mwezi kufuata vipuri Kariakoo. Kwanza angalia ni ndege gani. Ikiwa ya jeti, hewani ni kama saa 1 na dakika 10. Zilizobaki ni kujikokota uwanjani kabla ya kuruka na baada ya kutua. Ikiwa pangaboi, yaani yenye mapanga yanayozunguka nje kama zile za ATR, hesabu karibu saa 2 hewani.

Sasa kwako. Ondoka Mbagala saa 9 usiku, barabara ni nyeupe, saa 10 uko uwanjani. Usikabidhi begi, beba la mkononi tu, maana ukishuka utawaacha wenzako wakisubiri mizigo. Uwanja wa Mwanza uko kama kilomita 10 nje ya mji, halafu unashika Igoma, Kisesa, Nyanguge hadi Magu, kama kilomita 60 toka mjini. Saa 4 kasoro unapiga hodi. Mkianza kushuka masikio yataziba, tafuna bigijii. Ukiona mawe makubwa na maji ya ziwa dirishani, umefika.

Ila mwaka jana ndege yangu ya saa 12 iliruka saa 4. Shirika silitaji. Tulikaa pale tunaiangalia kwenye kioo, imesimama tu, fundi kapanda ngazi, kashuka, kapanda tena. Safari yenyewe haikuongezeka hata dakika, lakini mteja wangu alikuwa ameshafunga duka.

Mama Kulwa:
Ndiyo maana mshenga na msemaji hawasafiri siku ya kikao. Baba mdogo apande basi Ijumaa, si anazipenda hizo kilomita 1,100? Ndege ikichelewa, wazee watahesabu ng'ombe bila wewe. Kwanza bwana harusi huwa anaongea nini pale?

Kijana wa Mbagala:
Ahsanteni sana. Nimepiga simu, ni jeti. Suti nitaivaa humo humo. Baba mdogo kakubali basi la Ijumaa, ila anadai hela ya kuku wa Singida, na ameshaanza kusema kuku mmoja hamtoshi.