Uhandisi wa umeme: Mlimani au MUST?

Wakuu, mdogo wangu kamaliza PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), anataka umeme. Tunaishi Uyole, Mbeya. Aende Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) au abaki MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya)?

— Mimi nilisoma mitambo Mlimani. Uhandisi pale umefundishwa tangu 1973, karakana zipo. Kilichonijenga hasa ni mafunzo kwa vitendo kwenye viwanda vya Dar; fundi mkuu alinikabidhi spana siku ya kwanza! Ila chumba cha mtaani kinamaliza boom (pesa ya kujikimu ya mkopo).

— MUST ilikuwa chuo cha ufundi kabla ya kuwa chuo kikuu 2012. Huko mkono unafundishwa. Abaki, apande daladala.

— Asanteni. Na usajili wa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi)?

— Mkuu, vyuo vyote viwili vinakubalika. Muulize yeye anapenda wapi, miaka minne ni mingi.