Huyu sista wa drip leo kanimaliza mbele ya mama mkwe

Mama Wawili wa Uyole (mleta uzi):

Wakuu, naandika nikiwa bado na plasta mkononi, kwa hiyo msianze kunisahihisha herufi.

Kuna sista mmoja hapa Mbeya. Jina silitaji, hospitali siitaji, ila kama umewahi kulazwa au hata kumpelekea mgonjwa uji katika jiji hili, unamjua. Yule anayeburuza kandambili utadhani anasaga mahindi. Akimwita mtu Uyole, wa Mbalizi wanaitika. Huyo huyo.

Leo kanimaliza. "MLA UDONGO! Chuma chako kimeiva!"

Ngoja nirudi nyuma. Damu yangu ilikuwa 6.8, na mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Nina uvimbe kwenye kizazi, kila mwezi ni machinjioni. Nimemeza vidonge vya chuma miezi mitatu, choo kikawa cheusi kama lami, na chenyewe hakitoki mpaka ukikemee. Baada ya mateso yote hayo damu ikapanda mpaka 7.1. Kwenda dukani kwa mangi tu napumzika mara mbili, na duka naliona dirishani kwangu.

Dokta, kijana mpole, Mungu amtunze, alifunga mlango kwanza. Ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, kuna kitu kisicho chakula unakitamani?" Nikasema ukweli. Udongo. Mvua ikipiga vumbi likatoa ile harufu, mate yananijaa mdomo mzima. Akaniambia nisione aibu, wengi waliopungukiwa chuma huwa hivyo, na kikirudi mwilini hamu nayo huisha. Akaandika kwenye faili. Lakini ALIFUNGA MLANGO, wakuu. Mlango ulifungwa!

Sasa leo ndiyo drip ya kwanza kati ya tano, miligramu 200 kila moja. Wodi imejaa kama stendi ya Nane Nane karibu na Krismasi. Pembeni yangu mama mkwe, katoka Tukuyu alfajiri na hotipoti ya ndizi. Sista anachungulia faili, ananyanyua ile chupa, maji ya kahawia kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, anapaza sauti: "MLA UDONGO yuko wapi? Chuma chako kimeiva!"

Wodi nzima kicheko. Hadi bibi wa kitanda cha kona aliyekuwa kwenye oksijeni, akaisogeza ili acheke vizuri. Mama mkwe hakucheka. Alinigeukia polepole, kama mtu aliyeanza kuuelewa ukuta wa jiko lake.

Drip ikachukua nusu saa. Ikiisha unakalishwa nusu saa nyingine wakutazame, mwili usije ukaikataa. Saa nzima mkono uko kwenye mpira, huna pa kukimbilia, na kila anayepita: "Ndiye huyu?" Mla udongo. Mbele ya mama mkwe! Na bado drip nne.

Mzee wa Mafiati:
Pole sana mama. Swali moja tu: ukuta upo?

Loleza Juu:
Kwikwikwi, "chuma chako kimeiva". Huyu sista apewe kipindi redioni.

Binti Kiwira:
Namjuaaa! Mimi aliniambia mshipa wangu unajificha kama mdaiwa wa vikoba. Nilicheka ikabidi anichome upya.

Mama Wawili wa Uyole:
Wewe kakutania mshipa. Mimi kaniita MLA UDONGO. Usilinganishe vitu.

Koti Jeupe:
Mimi ni muuguzi, ila siyo huyo. Kutangaza ya kwenye faili ni kosa, mleta uzi ana haki kabisa. Ila mama, hizo nne zilizobaki mkono usiuchezeshe. Ile dawa ikivuja nje ya mshipa inaacha doa la kahawia kwenye ngozi miezi na miezi. Ukisikia panauma au panavimba, sema hapo hapo.

Mzee wa Mafiati:
Doa la kahawia tena? Mkwe atajua udongo umeanza kutokeza nje.

Mama Wawili wa Uyole:
Mzee wa Mafiati nakuheshimu kwa umri tu. Na huyo mkwe saa hizi anapiga simu ukoo mzima kwamba nimetiwa soda mshipani. Nimemweleza siyo soda wala siyo damu ya mtu, ni chuma, mwili wenyewe ndio utatengeneza damu taratibu, wiki kadhaa. Kanijibu: "Ndiyo mwanangu. Na udongo je?"

Chai ya Mufindi:
Mnashushia chai kila mlo halafu mnashangaa damu haipandi. Chai inazuia chuma cha kwenye chakula.

Binti Kiwira:
Wewe mwenye jina la chai ndiye unatuambia?

Koti Jeupe:
Ni kweli kwa chakula na vidonge, ipishe saa moja au mbili. Drip haipiti tumboni, chai haiiwezi.

Ndizi Mshale:
Kwanza hiyo ya Mufindi nayo ni chai? Maji ya kusuuzia sufuria. Chai iko Rungwe.

Chai ya Mufindi:
Rungwe mna mvua, chai inajiotea tu. Sisi tunalima.

Mama Wawili wa Uyole:
Wakuu turudi kwenye mada. MLA UDONGO. Wodi nzima!

Ndizi Mshale:
Mama subiri kidogo, huyu lazima afute kauli.

Abiria wa Kabwe:
Mmetaja mvua mmenikumbusha machungu. Kuna mlinzi wa geti, naye mnamjua. Juzi kaniambia mwavuli hauingii wodini, niuache kwake. Natoka mvua inamwagika, mwavuli sijauona, namuuliza ananiambia hakuna mwavuli. Ananiambia hivyo akiwa CHINI YA MWAVULI.

Loleza Juu:
Hapo sasa. Hii ndiyo ilitakiwa iwe mada.

Binti Kiwira:
Mimi huyo huyo alinizuilia hotipoti. Imerudi, wali haujarudi.

Mama Wawili wa Uyole:
Jamani...

Mzee wa Mafiati:
Abiria, huo mwavuli una maua mekundu?

Abiria wa Kabwe:
Ndiyo mzee. Mpini umefungwa utepe wa bluu.

Mzee wa Mafiati:
Dah. Shemeji yangu yule.